Mishai ya Mama Ikram

Watu wa Mkumbara wakimtaja wifi yangu Zamda husema "yule mama wa mlimani," kisha wananyamaza kidogo, kama watu wanaopita karibu na nyumba yenye msiba. Mimi hukasirika. Zamda ana jina, ana kwao Kwedizinga kule Handeni, alikuwa na shamba la mahindi na mihogo, na alikuwa na ulimi wa kuwachekesha watu matangani mpaka wakasahau wamemjia nani. Mkitaka kumtaja, mtajeni mzima.

Kaka yangu Mustapha alimwoa mimi nikiwa bado msichana wa nyumbani. Siku alipoletwa kwetu alinikuta jikoni nimetia kidole kwenye sufuria ya mchuzi wa harusi. Akaniambia, "Afadhali. Nilidhani nimeolewa kwa watu wasiokula." Tangu hapo tukawa mawifi wa kutaniana, jambo ambalo Mungu hawajalii mawifi wengi. Baadaye mimi nikaolewa Mkumbara, kwenye barabara ya Tanga kwenda Moshi, nikafungua genge la nyanya na vitunguu. Yeye akabaki Kwedizinga. Akazaa watoto watatu, akazika wawili wakiwa wachanga, kisha akamzika kaka yangu. Makaburi yale yote yako nyuma ya msikiti wa kijiji, na aliyapalilia mwenyewe kwa jembe lake. Nilikuwa namtania kwamba angepalilia mahindi hivyo angekuwa tajiri.

Aliyebaki ni Ikram. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haya, anayeongea akiangalia miguu yake. Ukimtengea chakula alikuwa anauliza kwanza kama wengine wamekula. Basi mtoto wa namna hiyo, niambieni, machimbo yalikuwa yake?

Ukisimama gengeni kwangu ukatazama juu, kwenye ukuta wa milima ya Usambara, utaona mahali palipochunika, pana rangi ya tofali. Hapo ni Kwefungo. Ni juu sana. Sisi huku chini tunajipepea na kanga, kule watu wanavaa sweta na kuota moto mchana, na ukungu ukishuka humwoni hata mtu unayezungumza naye. Zamani kulikuwa na msitu wa mikulo na mishai, na hao fungo walioupa mlima jina walikuwa wanashuka mpaka mashambani kula mapapai ya watu. Halafu mtu mmoja akaokota dhahabu kwenye kijito. Kiangazi kile kile msitu ukaisha. Miti ikakatwa kuegemeza maduara, hayo mashimo marefu ya kushukia chini kufuata mwamba, na iliyobaki ikapikiwa ugali.

Ikram alipita kwangu akienda huko, yeye na Yusuph, mtoto wa jirani yao wa Kwedizinga. Nilimpikia wali. Akaniambia, "Shangazi, nikipata nitakujengea banda la mabati hapa gengeni, uache kulowa." Nikamjibu, "Mjengee kwanza mama yako choo, maana kile chenu hata kuku anaogopa kuingia." Akacheka huku anaangalia miguu yake. Wakapanda.

Masika ilipofika, mvua ilinyesha juu kule mfululizo. Mlima usio na mizizi haushiki kitu. Upande mmoja mzima wa Kwefungo uliteleza asubuhi moja, na watu waliokuwa ndani ya maduara wakafunikwa humo humo. Wenzao walichimba kwa makoleo, kwa masufuria, kwa mikono. Wengine walitolewa, tukawazika. Ikram hakutolewa. Yusuph yeye alipona kwa sababu alikuwa ametumwa kufuata kamba. Serikali ikasimamisha kazi ya kutafuta, kwa kuwa udongo ulikuwa bado unatembea na ungeua watafutaji pia, kisha machimbo yakafungwa.

Kule Kwedizinga tulimswalia swala ya ghaibu. Shekhe Isihaka alizungumza vizuri, akasema aliyefukiwa na kifusi ni shahidi, mama asilie kama watu wasio na tumaini. Tukaanua matanga. Zamda alikaa na kitambaa chake kichwani, akawapikia wageni, akawaaga. Watu wamemsingizia kwamba hakukubali kuwa mwanawe amekufa, ati akili ilimruka. Huo ni uongo. Alikubali siku ile ile. Aliniambia tukiwa tunaosha vyombo, "Maryamu, sitaki arudishwe, najua harudi. Nataka mahali. Nikae nimsomee Yasini, ning'oe majani, niseme hapa ndipo alipo mwanangu. Wenzake wote wanapo."

Hicho ndicho alichokitaka, na hakutaka kingine mpaka leo. Kaburi.

Aliwaachia shemeji zake, ndugu zangu wa Kwedizinga, shamba, akahamia kwangu Mkumbara, karibu na mlima. Akamwita Yusuph ampeleke. Nilikwenda nao. Tulianza kupanda alfajiri, njia ya miguu inayokatiza ukutani, na viatu vyake vya plastiki vikakatika kabla hatujafika nusu, akaendelea peku. Tulipofika juu ukungu ulikuwa umefunga. Mnajua mlima ulioteleza unavyokuwa? Hakuna juu wala chini. Ni udongo mwekundu, mawe, matope ya rangi ya majivu yaliyoachwa na watu wa kuoshea dhahabu kwa zebaki, na mashimo yanayokuangalia. Yusuph alizungukazunguka, anakwenda anarudi, sisi tunamsubiri tunatetemeka. Mwishowe akasimama mahali, akasema, "Hapa, mama. Duara letu lilikuwa hapa."

Zamda akapiga magoti. Alikusanya mawe akayapanga, la kichwani na la miguuni, akasoma alichojua. Akalia kwa mara ya kwanza. Mimi nilishukuru, nikasema afadhali, maana machozi yaliyokaa muda mrefu ndani ya mtu hayamfanyii wema.

Ukapita muda, ukaja mradi wa kuurudishia mlima miti yake. Mji wa chini ulikuwa unakosa maji, vijito vilikuwa vinaleta tope, na wakubwa wakagundua kwamba msitu ulikuwa na kazi. Walimleta bwana misitu mmoja, Habakuki, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alihitaji watu wa kukaa juu huko, kwenye mabanda ya mabati, kufukia maduara na kupanda. Wanaume wa Mkumbara walisema baridi. Zamda alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuwa tayari kumwacha alale peke yake na mlima ule. Genge nikamwachia binti yangu.

Nisiwadanganye, tulianza vibaya. Kitalu cha kwanza kilikuwa huku chini Mkumbara, kwenye maji ya mfereji, na miche iliota upesi ikapendeza. Tukaibeba kwenye viriba vyake kichwani mpaka juu, tukaipanda. Kabla ya mwezi kuisha ilikuwa nyeusi yote. Miche iliyolelewa kwenye joto ilikutana na baridi ya Kwefungo usiku mmoja ikakata tamaa. Habakuki alikaa chini akashika kichwa. Zamda akamwambia, "Baba, usilie. Hata mimi mtoto wa Handeni mlima huu ulinipiga hivyo hivyo, ila mimi nina mablanketi." Habakuki alicheka mpaka miwani ikadondoka.

Tukajenga kitalu kule kule juu. Tuliingia kwenye kipande cha msitu kilichosalia ng'ambo ya bonde kutafuta mbegu za mshai, na mkulo, ambao hauoti kirahisi kwa mbegu, tuliuchukulia machipukizi yake ya mizizini. Tulifukia maduara kwa kifusi, tukakata makinga maji kufuata ubavu wa mlima, na kingo zake tukazishonea majani ya Guatemala yashike udongo. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa udongo wa juu, ule mweusi wenye uhai. Mlima ulikuwa hauna. Ulikuwa umegeuzwa, cha chini kimekaa juu. Tukawa tunaubeba kutoka pembezoni mwa msitu kwa makarai, kidogo kidogo, na tunatia ngumi mbili kwenye kila shimo la mche. Kwenye yale matope ya zebaki hapakuota kitu, na mpaka leo hapajaota.

Mahali pa Ikram, wifi yangu alipandia mishai. Alimwomba Habakuki ruhusa, naye hakumuuliza sababu, nadhani walishamwambia. Alizungushia mawe yale mishai mingi, na katikati akaacha nafasi ya kukaa. Kazi ya mradi ikiisha, wengine tunaota moto, yeye yuko huko na karai lake. Udongo wa msituni haukumtosha. Akawa anashuka mlima mzima mpaka mbugani kwa Sipora, mama mmoja wa Kimasai mwenye boma la ng'ombe, kuomba samadi.

Sipora alikuwa mteja wangu wa nyanya. Ni Mkristo, lakini mambo ya wazee wake anayajua. Siku moja nilikuwapo wanajaza gunia, akamuuliza Zamda, "Mama Ikram, kwa nini unajiumiza? Zamani kwetu mtu hakuwekewa kaburi. Babu yangu alilazwa mbugani, nchi ikamchukua. Hatuulizi yuko wapi. Yuko kwenye nchi."

Zamda akafunga mdomo wa gunia kwanza. "Kwenu hivyo, mama. Kwetu mtu asiye na kaburi anakuwa bado hajafika."

Sipora hakubisha. Akampa punda wa kubebea gunia mpaka mguuni mwa mlima, na tangu siku hiyo punda yule akawa anakuja bila kuombwa.

Mishai ile ilikua, jamani. Sehemu nyingine za mlima miche ilikuwa inajivuta, mingine inakufa tunarudia, mingine inabaki pale pale kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Mahali pa Ikram miti ilimpita mtu kichwa, ikatandaza matawi yake, chini pakaota majani ya madege na ukoka laini. Ukiwa ng'ambo ya bonde ulikuwa unaona mlima wa rangi ya tofali na doa moja la kijani kibichi. Zamda akawa anakwenda kukaa pale baada ya alasiri. Alikuwa anasoma Yasini, halafu anazungumza habari za kawaida, nani kaolewa Kwedizinga, mvua imenyesha au haijanyesha. Akarudi kula vizuri, na utani wake ukarudi. Alianza kumwita Habakuki "mkwe," ati akipata binti atamwoza, na yeye hana binti. Nilimtazama nikasema moyoni, basi, wifi yangu amepona.

Mwaka ule bei ya dhahabu ilipanda. Sisi hatukujua. Tulishuka sote kwenda kula Idd na watu wetu, na mlinzi wa mradi naye akashuka, kwani yeye hana Idd? Tulipopanda tena, sikukuu imekwisha, tulianza kuona alama za mabuti njiani. Halafu tukasikia sururu. Zamda alikuwa mbele yangu. Aliongeza mwendo, kisha akaanza kukimbia, mwanamke wa umri ule, kwenye mteremko ule.

Mishai yote ilikuwa chini. Ilikatwa, ikachongwa vigogo, ikaegemezwa kwenye duara jipya lililochimbwa pale pale katikati, palipokuwa na nafasi ya kukaa. Mawe aliyoyapanga yametupwa huko. Vijana walikuwa wamezunguka shimo, wamejaa udongo kichwani mpaka miguuni. Mkubwa wao, Simeo, aliyetoka sijui mkoa gani, akatuona akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika Zamda. Mimi nisingeitika. Mimi nilikuwa natafuta jiwe.

"Nani aliwaambia mchimbe hapa, baba?"

"Mlima wenyewe, mama." Simeo alijibu kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonichoma zaidi. "Sisi tunasoma mlima. Kote umekataa kuotesha, hapa peke yake umekubali. Mwamba wenye mali ukikaa chini, majani ya juu yanapendeza. Halafu tuliambiwa kuna watu walifia huku. Mali haikai mbali na damu."

"Mjinga wewe!" nikapiga kelele. "Hapa pamependeza kwa mavi ya ng'ombe wa Sipora! Huyu mama ameyabeba kichwani! Mmechimba samadi, mbwa nyie!"

Vijana wakaangalia chini. Wengine walikuwa na umri wa Ikram. Ndivyo walivyokosea, na asingeweza kukosea hivyo mtu yeyote ila mchimbaji wa milima hii, aliyefundishwa na wenzake kufuata kijani kama nyuki anavyofuata ua. Kadiri wifi yangu alivyopatunza mahali pale, ndivyo alivyowaonyesha pa kuchimba. Mimi sijui nimlalamikie nani. Nimejaribu.

Zamda hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amesogea ukingoni, anachungulia.

"Mmefika wapi?"

"Tumegonga mwamba mgumu, mama. Hamna kitu. Tulikuwa tunajiandaa kuhama."

"Hamkukuta mtu?"

Simeo akashtuka. "Mtu gani?"

"Mwanangu yuko humo. Alifukiwa na duara lake."

Kijana yule akaangalia shimoni, kisha akamwangalia yeye. Naona alikuwa anapima kama aseme au asiseme, na laiti angenyamaza. Lakini nani alijua? Akasema, "Mama, samahani. Hapa hapajawahi kuchimbwa, na maporomoko yalipita kando. Duara la zamani ukilifungua unalijua. Udongo unakuwa umechanganyika, unakuta vigogo vilivyooza, magunia, kamba, hata makopo. Humu tumekuta udongo wa Mungu tu, tabaka juu ya tabaka, toka juu mpaka chini."

"Unasema uongo," nikamwambia.

"Nishusheni," akasema Zamda.

Nilimshika kanga, akaniondoa mkono. Walimfunga kamba kiunoni na begani, wakamshusha taratibu, Simeo mwenyewe akitangulia chini kumwekea miguu kwenye vigogo. Nililala kifudifudi ukingoni nikawa namwona kwa mwanga wa tochi. Alikuwa anapapasa kuta za shimo kwa viganja vyake vyote viwili, polepole, pande zote, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Juu kulikuwa na mizizi ya mishai yake inaning'inia, myeupe. Chini ya mizizi kulikuwa na mstari mwekundu, kisha wa njano, kisha wa kijivu, imenyooka, haijakatika popote. Alishuka mpaka kwenye mwamba, akaugonga kwa ngumi. Alikaa huko muda.

Alipotolewa, kucha zake zilikuwa zimejaa udongo. Akafungua kamba mwenyewe.

"Ni kweli, Maryamu," akaniambia. "Hapajaguswa tangu Mungu apaumbe."

Akawaambia vijana wale wafukie shimo kabla hawajaondoka, mtu asije akatumbukia. Wakafukia. Simeo alifukia huku analia, na mimi nilimwacha alie.

Yusuph tulimkuta Mombo. Siku hizi anauza mayai ya kuchemsha na korosho kwenye madirisha ya mabasi, pale yanaposimama ili abiria wapate kula. Alipomwona Zamda upande wa pili wa barabara alijua. Aliweka sinia chini, na basi likaondoka na wateja wake wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ilikuwa wapi?"

Alijaribu kuangalia pembeni. Halafu akasema yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika. "Sijui, mama. Sikujua siku ile, sijui leo. Mlima ulikuwa umehama. Nilitafuta kisiki chetu cha alama, hakipo. Nilitafuta kijito, hakipo. Ukungu umefunga, wewe umepanda peku, miguu inatoka damu, unaniangalia. Nikasema moyoni, nikimwambia sijui, huyu mama ataanguka hapa hapa afe. Nikasimama nilipokuwa nimefika. Nikasema hapa."

Nilimtukana. Sitarudia niliyosema, maana kulikuwa na watoto. Nilimwambia amemfanya mtu abebe milima ya samadi kuabudu mchanga mtupu, nilimwambia alimwacha mwenzake shimoni akaja kumwacha tena juu. Hili la pili halikuwa haki, lakini nilikuwa nimeshaanza. Yeye alisimama tu akapokea.

Zamda alisubiri nimalize.

"Upande gani, basi? Hilo tu. Wa jua kuchomoza au wa jua kuzama?"

Yusuph akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. "Tulikuwa tunashuka chini ya ardhi, mama. Huko kunapindapinda. Hata siku ile kabla ya mvua, nisingejua Ikram yuko chini ya jiwe lipi."

Wifi yangu akamtazama kwa muda mrefu, toka kichwani mpaka kwenye ndala zake. Akasema, "Umekonda, Yusuph. Unakula?" Kisha akanishika mkono tukarudi nyumbani.

Nilidhani atarudi Kwedizinga. Shemeji zake walikuja kumchukua, wakamwambia shamba lipo, nyumba ipo. Habakuki naye alikuja mpaka gengeni kwangu na miwani yake ya uzi, akasema mradi utamwelewa akipumzika. Alipumzika wiki moja. Kisha akapanda. Alifanya kazi na wenzake mstari kwa mstari, akatia ngumi zake mbili za udongo kwenye kila shimo, akamwagilia kila mche sawasawa na mwingine. Pale palipokuwa na mishai walipanda watu wengine, yeye akiwa ubavu mwingine wa mlima, na hakugeuka kutazama. Kwa Sipora hakwenda tena. Punda alikuja mguuni mwa mlima akasimama, nikamrudisha mimi.

Utani ulikwisha. Nilimjaribu, nikamwambia "mkwe" anamuulizia, akatabasamu kwa adabu kama anavyotabasamu kwa mgeni. Alikuwa anakula ukimwekea chakula mbele. Wakati mwingine, tukiwa kitaluni, alikuwa anaacha kazi na kuangalia mlima mzima, kuanzia pembe moja mpaka nyingine, macho yakienda na kurudi, hayapati pa kutua.

Kwefungo imeanza kushika, nisiseme uongo. Ukiwa gengeni kwangu leo lile doa la tofali limekuwa na ukungu wa kijani juu yake, na kijito kinachoshuka kina maji meupe tena. Wageni huja na kamera. Habakuki huwaonyesha makinga maji, huwaonyesha mikulo iliyochipua, na wageni hufurahi sana.

Mwezi wa Shaabani uliopita, kabla ya mfungo, wanawake wa Mkumbara walitoka na majembe kwenda kusafisha makaburi ya watu wao na kuwaombea, kama desturi yetu ilivyo. Sauti za nyiradi zilikuwa zinafika mpaka barabarani. Zamda alikuwa amekaa barazani kwangu anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Wifi, nisindikize juu."

Tulipanda njia ile ile ya miguu. Kwa mara moja mlima ulikuwa hauna ukungu, unauona wote, miche midogo kila mahali imejipanga ubavuni, mingine imefika magotini. Alivua viatu. Alitembea mpaka katikati, akasimama, akajifunika kanga vizuri, akafungua viganja vyake kuomba dua. Midomo ilianza kisha ikaacha. Akageuka upande huu, akafungua tena viganja. Akageuka upande ule.

"Maryamu," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia tu. "Nigeukie wapi?"

Nilitaka kumwambia ageukie kibla, kama kila mtu. Lakini alikuwa haulizi habari za kibla, na mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Nikasimama kando yake nikafungua viganja vyangu.